Siku ya Kumwogesha Bwana Sabuni

Mkono wa Sajini ulikuwa bado uko juu tulipoachana, kiboko kimeshikwa barabara, na mdogo wake wa tumbo moja amelazwa kifudifudi juu ya benchi mbele ya kikosi kizima. Wiki nzima mmenisimamisha njiani mkitaka kujua kama alipiga. Mmoja wenu alinifuata hadi kwa kinyozi, akaniuliza huku nusu ya kichwa changu imenyolewa. Basi chukueni jibu lenu.

Alipiga.

Msimtukane bado. Kapteni alikuwa amesema wazi kwamba Sajini akikataa, kiboko kitakwenda kwa Koplo na adhabu itakuwa mara mbili. Na katika kambi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kupigwa viboko hamsini akainuka tena.

Kosa lenyewe wasomaji wa siku zote wanalikumbuka. Kwa yule aliyeuziwa misumari imefungwa kwa ukurasa huu wa gazeti, nitalisema kwa kifupi. Jeshi la wakoloni halikuwapa askari wenyeji viatu. Wakubwa walidai kwamba nyayo zetu zimezaliwa na soli, na kwamba viatu hakuna hata kama wangetaka kutoa. Kikosi kikavushwa kinamasi miguu mitupu mpaka vidole vikaanza kuoza. Njiani akafa luteni mmoja wa Kizungu kwa homa. Mdogo wake Sajini akamvua marehemu buti, akazivaa, kisha akambeba mgongoni Koplo aliyepigwa risasi ya paja, akamtoa kwenye matope hadi kambini.

Kapteni alipomwona anaingia hakuuliza habari za majeruhi. Alitazama miguu. Wizi wa mali ya maiti, akasema, viboko ishirini na tano, na mpigaji awe kaka yake, ili kikosi kijifunze.

Sasa kuna jambo ambalo Kapteni hakulijua. Kupiga kiboko ni kazi kama kazi nyingine na ina ufundi wake. Ukizungusha kiganja mwishoni, kiboko kinalala bapa, kinatoa mlio wa kutisha na kuacha wekundu tu. Askari wa zamani walipigana hivyo miaka mingi, kila mmoja akimhurumia mwenzake maana zamu ilikuwa inageuka. Ila mapatano yao yalikuwa na sharti: anayepigwa lazima apige kelele. Alie, amwite mama yake, aombe radhi. Mlio bila kilio haumdanganyi mtu yeyote.

Kwa hiyo Sajini, alipoinama kukaza kamba za benchi, alimnong'oneza mdogo wake sikioni.

"Lia, mdogo wangu. Lia kana kwamba nakuua."

Mdogo mtu aligeuza uso. Na alipougeuza, akamwona mkewe. Wake wa askari walikuwa wamekusanywa kwenye uzio watazame, hilo nalo lilikuwa somo, na yule dada alikuwa amesimama mbele kabisa, macho makavu, mikono kiunoni. Mwanamume akauma meno.

Kiboko cha kwanza kililia uwanja mzima ukasikia. Benchi likanyamaza. Cha pili, kimya. Cha tatu, kimya. Sajini alikuwa anatokwa na jasho la baridi, akisema moyoni lia, lia, mtoto wa mama yangu, lia basi. Yule akamtazama mkewe tu.

Kapteni akateremka kutoka jukwaani. Akauinamia ule mgongo kama mnunuzi anayekagua kitambaa, akaona wekundu na asione damu. Akamgeukia Sajini na kumwambia, kwa ile lugha yetu anayoivunjavunja, kwamba hakumwita aje kumpigia ngoma.

Koplo akapewa kiboko. Ndiyo, yule yule aliyebebwa mgongoni. Alisimama na bendeji pajani, akasita kiasi cha kumeza mate, Kapteni akagusa bastola yake, na Koplo akaanza. Hakulaza kiboko. Hakuthubutu. Sajini akaamrishwa ahesabu kwa sauti, na alihesabu hadi hamsini, na mdogo wake alizimia bila kutoa hata mguno.

Halafu Kapteni akaletewa beseni, maji na sabuni, akanawa. Hakuwa amemgusa mtu. Lakini ndivyo alivyokuwa: kila akitoka kukagua askari, hata kama ni kuwapita tu mstarini, lazima anawe hadi viwikoni mbele yao. Ndiyo maana kambi nzima, akiwa hayupo, ilimwita Bwana Sabuni.

Mnataka kujua chuki ya jeshi zima inaanzia wapi? Wataalamu watawaambia mambo makubwa. Mimi nawaambia ilianzia kwenye lile beseni.

*

Mgonjwa hakufa. Alilazwa katika wodi ya askari, ambayo zamani ilikuwa banda la nyumbu na bado ilinuka nyumbu siku za joto. Wodi ya maofisa ilikuwa ng'ambo ya ua, na vyandarua vyake.

Sajini alikwenda kumwona kila alipotoka zamu, na kila alipokwenda mdogo wake aligeukia ukuta. Alimweleza yote: kiganja, mlio, mapatano ya askari wa zamani. Alimwambia kwamba kilio kimoja tu kingetosha kumwokoa.

Siku moja akaona amkumbushe utoto. Walikuwa wanalinda shamba la mtama la baba yao dhidi ya ndege. Mdogo alikuwa anapita katikati ya mimea kuwarusha, mkubwa anasimama kwenye kichuguu na kombeo. Kabla ya kuachia jiwe, mkubwa alipaza sauti, "Kichwa!" na mdogo popote alipo alijitupa chini bila kuuliza. Misimu yote ile hakupata hata mkwaruzo. Sajini alisimulia hayo akijaribu kucheka. Mgonjwa akavuta shuka hadi shingoni.

"Shemeji, usijichoshe," mke wa mgonjwa akasema. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti jeupe magotini na sindano mkononi, maana kazi yake kambini ilikuwa kushona na kutengeneza sare za maofisa. "Ameapa haongei na wewe."

Sajini akamwambia pole.

"Pole yako peleka kwingine. Unaliona koti hili? Ni lake yule. Analivaa siku ya Jenerali. Nimetoa vifungo vyote, navishona upya kwa uzi wa viatu, pande mbilimbili, visitoke hata mtu akivivuta kwa nguvu." Akakata uzi kwa meno. "Nataka azikwe amependeza."

Sajini alikuwa na utumishi mrefu kuliko ndevu zake. Alikuwa na nishani mbili na kovu la mkuki. Alikuwa amechoma vijiji alivyoambiwa achome, na aliwahi kuamini kwamba siku moja kiapo chake kitathaminiwa. Alitoka mle bandani akiwa mtu mwingine. Kiu aliyokuwa nayo haikuwa ya maji.

*

Jenerali alikuwa anakuja kukagua. Na Bwana Sabuni kila anapotembelewa na mkubwa alikuwa na mchezo wake.

Hakuna afande mwingine aliyekuwa na wazimu wa namna ile. Baada ya gwaride alipanda jukwaa la mbao, akasimama kifua mbele, akaamuru kikosi kimwelekezee bunduki yeye mwenyewe. Bunduki zilijazwa risasi baridi, yaani baruti bila chuma, zinazotoa mshindo na moshi basi. Sajini anatoa amri, bunduki zinalia zote pamoja, moshi unamfunika Kapteni, na moshi ukiondoka anaonekana pale pale anatabasamu, jicho hajapepesa. Wageni wanapiga makofi. Anawaambia: mnaona nilivyowafuga?

Askari waliita mchezo ule kumwogesha.

Aliyejaza bunduki alikuwa mmoja tu, fundi wa ghala la silaha, mzee mfupi mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Kapteni hakuruhusu askari ashike risasi nje ya vita, hata iwe baridi. Kila bunduki ilijazwa na fundi ndani ya ghala, risasi moja, kisha askari anapewa dirishani.

Sajini aliingia ghalani mchana, akafunga mlango. Akamwambia fundi kwamba anataka risasi moja ya moto katikati ya zile baridi.

Fundi aliendelea kufuta mtutu. Alisema anazo, alizificha tangu vita vya mtoni. Swali lake lilikuwa ni bunduki ya nani.

"Sitaki kujua. Wala wewe usikumbuke. Ichanganye. Zikilia zote pamoja, nani atasema ilitoka wapi?"

"Watanyonga kikosi kizima, afande."

"Na vita vyao vipiganwe na nani? Na wapishi?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akasema kwamba mwanawe mwenyewe alifia mtoni, na kwamba Kapteni aliamuru askari wenyeji wafukiwe shimo moja na nyumbu waliokufa, ili kuokoa muda. Alikuwa hajamsimulia mtu. Aliiweka bunduki chini taratibu na kusema risasi moja itakuwepo.

Wakapeana mikono. Msomaji, hapo ungedhani mambo yameiva.

*

Asubuhi ya gwaride ilianza kwa jambo ambalo Sajini hakulitarajia. Stoo ilifunguliwa, na Kapteni akatangaza kwamba leo kila askari atavaa buti. Jenerali asije akafikiri jeshi ni la ombaomba. Mchana, wageni wakishaondoka, buti zinarudi stoo.

Askari walisimama mlangoni wakatazama ndani.

Buti zilikuwa zimepangwa hadi darini. Ngozi imeota ukungu kwa kukaa, kamba zimeliwa na panya, vumbi juu yake limelala nene. Hazikuletwa jana. Hazikuletwa mwezi uliopita. Zilikuwepo mle siku kikosi kilipoingia kinamasini. Zilikuwepo wakati vidole vinakatwa kwa kisu cha daktari. Zilikuwepo wakati mtu anachapwa hamsini kwa sababu ya jozi moja ya marehemu.

Walivaa. Wengine hawakuwa wamevaa viatu tangu wazaliwe, wakatembea kama bata. Jambo lile lingeweza kuwachekesha siku nyingine.

Kisha wakapanga foleni kwenye dirisha la ghala kuchukua bunduki, na Sajini aliyekuwa mbali uwanjani akipima mistari aliona tu kwamba foleni inakwenda polepole kuliko kawaida. Kila mtu alikuwa anainama dirishani, anaongea kidogo na fundi, ndipo anapokea. Akadhani ni habari za buti. Ana mambo mengi kichwani, tumsamehe.

Jenerali alifika, mtu mnene, mwekundu, mwenye usingizi. Kikosi kikapita mbele yake na buti zake za kuazimwa. Bwana Sabuni alikuwa amevaa koti jeupe na vifungo vinang'aa. Akapanda jukwaa, akaamuru mistari isimame karibu, umbali wa mtu kusikia mwenzake akikohoa.

Ndipo akafanya jambo jipya. Akapiga makofi mara moja, na kutoka nyuma ya jukwaa watu wawili wakamleta mdogo wake Sajini.

Alikuwa ametolewa kitandani. Miguu mitupu, yeye peke yake katika uwanja mzima wa buti, na shati limegandamana na mgongo. Akapandishwa jukwaani, akasimamishwa ubavuni mwa Kapteni.

Kapteni akamweleza Jenerali kwa lugha yao, kisha akarudia kwa yetu ili kikosi kisikie. Huyu aliiba, akasema, akachapwa, na leo anasimama hapa kwa hiari yake kando ya bwana wake. Na atakayetoa amri ni kaka yake. Mbwa akifunzwa vizuri, akasema, haumi hata ukimkanyaga mkia.

Sajini alipima kwa macho nafasi iliyokuwa kati yao wawili. Akapiga hesabu haraka. Risasi moja. Bunduki zote zinalenga vifungo vya koti, ndivyo amri ya mchezo ilivyo. Mdogo wake anasimama pembeni, hatua nzima. Risasi moja ina mwenyewe mmoja, akajiambia. Itakwenda kwa mwenyewe. Endelea.

Fundi alikuwa anapita mstarini, kama desturi, kuhakikisha kila bunduki imefungwa sawasawa. Alipofika mwisho wa mstari, ubavuni pa Sajini, alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Afande, sitisha. Si moja."

"Ngapi?"

"Zote."

Sajini hakugeuza kichwa. Alitazama mbele, na maneno ya fundi yakapanda kutoka chini kama maji ya chemchemi. Asubuhi, dirishani, wa kwanza alimwomba amtilie ya moto. Fundi akadhani ameshajua siri. Hakujua siri yoyote. Alisema tu, mke wa ndugu yangu alifukuzwa kambini na watoto siku mumewe alipozikwa, nami nikaambiwa nifunge virago vyake. Wa pili naye akaomba, hajui habari ya wa kwanza. Kijiji nilichochoma mtoni, akasema, kilikuwa cha mama mkwe wangu, na Sabuni alikuwa anajua. Wa tatu alisema habari ya shimo la nyumbu. Wa nne alivua buti, akaonyesha mguu wake wenye vidole viwili, kisha akainua lile buti. Mmoja alishindwa hata kusema sababu, alilia tu akashika nondo za dirisha.

"Nilijaribu kukataa," fundi akanong'ona. "Nilimkatalia mmoja, akaniuliza, yeye kwani hana uchungu? Nikamtilia. Zilizofichwa zikawatosha wote."

"Na Koplo?"

"Koplo ndiye alikuwa wa kwanza kabisa kwenye foleni. Huyo wa virago. Alisema pia tangu siku ya benchi mkewe hajampa hata maji ya kunawa. Na kwamba anamwona mke wake ana haki."

Fundi akainuka, akaenda zake, mzee mwenye mafuta vidoleni. Sajini akabaki na kikosi chake.

Sasa mwoneni mtu huyu. Alitaka kisasi na amekipata, tena cha kujaza gunia. Ule ukimya wa miaka, saluti zote walizowapigia maofisa vijana wa juzi, kufukiwa shimo moja na nyumbu, vyote vimeingizwa kwenye mitutu ile na vinasubiri neno lake. Na mbele ya mitutu amesimama adui yake, na ubavuni mwa adui amesimama mtoto wa mama yake. Risasi moja ina mwenyewe mmoja. Lakini risasi za kikosi kizima, mikononi mwa watu wenye machozi machoni, hazichagui.

Asitishe? Bunduki isiyolia Kapteni huifungua mwenyewe, desturi yake. Ataikuta chuma mle ndani. Atafungua ya pili. Kabla jua halijafika utosini kikosi kizima kitakuwa kinaning'inia, na mdogo wake wa mwisho kwenye kamba, ili aone wote.

"Sajini," Kapteni akaita kutoka juu, anatabasamu kwa ajili ya mgeni. "Niogeshe."

Kwa hiyo alilijua jina. Alikuwa anajua muda wote kwamba wanamwita vile, na lilikuwa linamfurahisha.

Sajini akaamuru silaha juu. Bunduki zikapanda begani zote kwa pigo moja. Hajawahi kuona kikosi kikisimama vizuri hivyo. Hata mtutu mmoja haukutikisika. Katika mstari wa mbele Koplo alikuwa amefumba jicho moja, na lile jingine lilikuwa limejaa maji.

Akaamuru lenga.

Kule kwenye uzio, walikokusanywa wanawake watazame, mke wa mdogo wake alikuwa amesimama mbele kabisa. Alimwona mumewe pale juu, akaona bunduki, akaona uso wa shemeji yake. Ni mwanamke mwepesi wa kuelewa. Mikono ikamtoka kiunoni ikaenda mdomoni.

Sajini alikuwa amebakiwa na jambo moja. Jambo la kitoto. Alikuwa na ndugu asiyeongea naye, ambaye mara ya mwisho alimwomba afanye kitu kimoja ili apone, akakataa. Hakuwa na sababu yoyote ya kuamini kwamba leo atamsikia. Alijaza mapafu, na badala ya amri akapaza sauti ile ya shambani, ya juu ya kichuguu, sauti ambayo hakuitumia tangu ndevu zilipoota.

"Kichwa!"

Kikosi hakikutikisika, maana neno lile halimo katika amri. Jenerali akakunja uso. Kapteni akamtazama Sajini, tabasamu bado liko mdomoni lakini limeshaondoka machoni.

Na mdogo mtu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya benchi alimtazama kaka yake usoni. Alilikumbuka. Sajini aliona kwa macho yake kwamba amelikumbuka: magoti yalilegea, bega likashuka kidogo, kama mwili wenyewe ulitaka kulala kwenye mtama. Alitazama mitutu. Alimtazama Koplo na machozi yake. Mtu aliyekaa jeshini akiangalia kikosi kinacholenga hahitaji kuambiwa ndani ya bunduki mna nini.

Kapteni naye alikuwa ameona. Alirudi nyuma nusu hatua, kisha akageuka aruke.

Mdogo mtu hakulala. Aliinyoosha mikono miwili, akamkamata Kapteni kwa kifua cha koti, akamgeuza na kumsimamisha mbele ya mitutu kama mtu anayetundika nguo kwenye kamba. Kapteni alijivuta. Alijitupa nyuma kwa uzito wake wote, ajitoe ndani ya koti aliache mikononi mwa yule. Vifungo havikukatika hata kimoja.

"Kaka," mdogo mtu akasema. Sauti ilikuwa nzito kwa kukaa kimya muda mrefu. "Leo nitapiga kelele. Toa amri."

Kule kwenye uzio mwanamke alikuwa anaita jina la mumewe. Vidole vya kikosi kizima vilikuwa vimekaa kwenye vifyatulio, na hakuna aliyemtazama Kapteni tena. Wote walikuwa wanasikiliza neno la Sajini, na Sajini alikuwa amefungua kinywa.